Ukifika Ikutha, Shuka Kwenye Baiskeli

Hoteli ya Mbinya,
Soko la Ikutha,
Kupitia Kitui.
Tarehe 3 Agosti, 1986.

Mpendwa ndugu yangu Kivuva,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na uzipokee kwa mikono miwili maana zimetoka mbali. Hujambo? Mutindi mke wako hajambo? Joto la Mombasa bado linamtoa vipele au sasa amezoea? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mama, na habari ya mama ndiyo imenifanya nishike kalamu siku ya Jumapili badala ya kupumzisha miguu. Usishtuke kwanza. Anakula, ingawa kidogo. Nitakueleza.

Mvua ilikuja ikatusalimia tu, ikaenda zake. Mahindi tumepata ya kusaga tu, lakini kunde na mbaazi hazikutuaibisha. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja amezaa mapacha, na shemeji yako Jonah anasema mmoja ni wake kwa sababu ndiye aliyemzalisha. Mimi simo. Mtagawana wenyewe mkikutana.

Sasa mashindano ya baiskeli. Ai, Kivuva, ungeliona soko! Greda imetoka Mutomo ikaparura barabara yote, na chifu ametutoa sisi wote, wazee kwa watoto, tufyeke vichaka kando ya njia ili wageni wasifikiri tunaishi porini. Maduka yamepakwa rangi. Jonah amekuchora kwenye ukuta wa hoteli yangu ukiwa juu ya baiskeli, na ingawa umetoka kama panzi aliyekalia miwani, watu wanakuja kukutazama. Watoto wa shule wana wimbo wenye jina lako. Wazee nao wanauliza kwa nini mtu atoke Mombasa hadi Nairobi kwa kuzungukia Kibwezi, Ikutha na Kitui, siku nane nzima, na treni ipo. Walipoambiwa kwamba wale Wabelgiji na Waitaliano mtakaoshindana nao wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo mwaka mzima, wakauliza kazi hiyo inaandikishwa wapi.

Na kila mtu anajua kwamba siku ile ya Kibwezi hadi Kitui kutakuwa na mzungu ndani ya gari anayechagua Mkenya mmoja wa kwenda naye Ulaya, akaendeshe kwa mshahara kama wao. Uliniandikia mwenyewe, nikaisoma barua kwa sauti hapa hotelini, chai ikapoa mezani na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo usifikiri sijui ninakuomba nini hapa chini.

Habari yenyewe ilianza siku za karibuni tu, mchana, jua likiwa juu ya kichwa. Nilikuwa nachambua kunde mlangoni. Nikasikia watu wa kwa fundi viatu wakipiga kelele, Kivuva! Kivuva! Nikainua kichwa, nikakuona unatoka upande wa Kibwezi na jezi yako ya bluu, kiwiko cha kushoto kimetokeza nje vile kilivyo tangu ulipovunjika mkono utotoni. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Ukapita. Hukugeuka, hukupunga mkono, ukapotea kwenye kona ya kwenda Mutomo.

Tukasema amekuja kujaribu barabara kwa siri. Wengine wakasema haya, ameanza kuwa mkubwa. Mimi nilikutetea mbele za watu, nikasema mtu wa mbio hawezi kusimamasimama, lakini ndani nilikuwa nimekasirika. Hata kikombe cha chai cha dada yako?

Kesho yake ukapita tena, saa ile ile ya jua kali, na safari hii mama alikuwa barabarani akitoka shambani na kiondo mgongoni. Ulipita karibu naye kiasi kwamba angeweza kukushika shati. Akakuita. Wewe unajua kwetu jinsi ilivyo, mtu hamsalimii mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli. Hata afisa wa kilimo hushuka, akaisukuma, akasalimia, ndipo apande tena. Sasa mtoto aliyemzaa mwenyewe anampita bila hata kugeuza shingo, na soko zima linatazama!

Mama alitua kiondo. Nilimwona akitua na nikaanza kukimbia, kwa sababu ninamjua, lakini sikumwahi. Alisema, na alisema kwa nguvu: "Kama huwezi kunishukia mimi, basi usishuke. Endelea kwenda."

Kivuva, hiyo ni laana ya mama. Mimi ni mtu wa kanisa na unajua sina muda na mambo ya kizamani, lakini pale niliposimama nilianza kusali. Hata yeye mwenyewe alijifunika mdomo.

Sasa sikiliza ya Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Hoteli ilikuwa imejaa kwa sababu redio ilikuwa imetangaza kwamba mtahojiwa. Mama nilimkalisha karibu na kaunta. Mtangazaji akasema yuko nanyi moja kwa moja huko Mombasa, akakutaja, na wewe ukaanza kuongea. Ukasema mmetoka kufanya mazoezi asubuhi na sasa mnakula wali. Ukasema, "Namsalimu mama yangu Syombua na watu wote wa Ikutha." Watu wakacheka kwa furaha. Halafu wale waliokuwa karibu na mlango wakanyamaza. Na wa nyuma yao wakanyamaza. Nikatazama nje nikakuona unapita.

Sauti yako ilikuwa ndani kwenye redio, nawe ulikuwa nje barabarani. Ulikuwa bado unaongea, unaeleza habari za matairi, na hakuna mtu aliyesikia ulichosema. Mama hakulia. Alisema tu, "Nimemlaani mtu ambaye hakuwepo."

Jonah anasema maongezi yalinaswa kwenye kanda siku nyingine na watangazaji ni waongo. Nilitaka sana kumwamini. Lakini ndipo nilipoanza kutazama vizuri. Barabara hii unaijua, kuku akivuka inatoa vumbi. Huyu anapita na vumbi halipandi. Cheni hailii.

Kisha akaja Abdille, yule Msomali anayeleta mbuzi kutoka upande wa Garissa, ambaye hata hajui baiskeli ni mchezo. Mbuzi wake walikuwa wamejaa barabarani, huyu akapita katikati yao. Abdille akaja kunilipa chai akiwa amebadilika uso. Akaniambia, "Mama Kalunde, mbuzi wangu hukimbia hata mwavuli. Leo hawakuinua kichwa." Siku hizi anauzia Mutomo, hapa haji tena.

Tangu mama aseme lile neno, huyu hapiti mara moja tu kama mwanzo. Anapita kutwa nzima. Anakwenda Mutomo, anarudi kama anayekwenda Kibwezi, anakwenda tena. Na anachoka, Kivuva. Hili ndilo linalotumaliza. Jezi imekuwa rangi ya udongo. Tairi zimekwisha, anaendesha juu ya rimu. Jana alipita akiwa amelaza paji la uso juu ya usukani na miguu bado inazunguka. Wanawake wameweka maji kwenye mabakuli kando ya njia. Jioni tunayakuta yamejaa vilevile.

Hakuna anayepiga makofi tena. Watu wakimwona wanageuka kutazama ukutani, na ukutani ndipo alipokuchora Jonah, kwa hiyo wanatazama chini. Mchungaji alikuja akatuombea pale pale barabarani. Tulipofumbua macho tukamwona huyu nyuma ya mchungaji, anaenda zake. Mchungaji ametukataza kumwita jina lolote, na mimi nimetii, ndiyo maana naandika "huyu".

Ningeyavumilia hata haya kama si Ndeti, mtoto wa jirani yetu, utingo wa lori la mbao, aliyerudi kutoka huko kwenu juzi. Alikuwa anatuchekesha tu. Akasema amekukuta umekonda, na kwamba Mutindi analalamika hapati usingizi kwa sababu ukilala miguu yako inazunguka chini ya shuka mpaka alfajiri. Ati akikuamsha, inaendelea kidogo kabla ya kusimama. Ndeti akacheka. Akatuangalia, akaacha kucheka.

Ni kweli? Niambie kama ni kweli. Na niambie kama ile Jumamosi ulikuwa unaongea saa ile ile au ilikuwa kanda. Usinifiche kwa kunihurumia.

Mama hashindi nyumbani tena. Tulimpeleka hospitali ya Mutomo, daktari akasema hana ugonjwa, ale na apumzike. Anakaa kwenye kigoda karibu na lile daraja dogo la mtoni na kila akipita anamwambia, "Shuka mwanangu, nimekusamehe." Huyu hasikii. Juzi mama akanigeukia akaniambia, "Huyu hana masikio. Mwenye masikio yuko Mombasa. Mwandikie."

Basi ndiyo nakuandikia. Mama atalirudisha neno lake, lakini ni lazima akutemee maji kifuani kwa mdomo wake mwenyewe, kama alivyokubariki ulipokuwa unaondoka hapa mara ya kwanza. Nilimwambia tupande basi tukufuate huko. Amekataa kabisa. Anasema neno lilitokea barabarani na barabarani ndipo litarudi, na wewe uwe umeshuka, miguu yote miwili chini, mikono imeachia baiskeli. Amenieleza hivyo mara nyingi nisije nikaandika vibaya.

Najua unafikiria nini. Siku ile ya Kibwezi hadi Kitui ndiyo siku yako. Mlima wa Mutomo ndio unaoujua wewe na wale Wabelgiji hawaujui. Yule mzungu atakuwa ndani ya gari anatazama. Ukishuka hapa, wenzako hawatakungoja, na mkubwa wa timu atapiga kelele, na Ulaya itampata mtu mwingine. Nimelia kwa ajili hiyo, mimi niliyekuwa nalipigia soko kelele kwamba ndugu yangu ataonekana Ubelgiji. Kama ingekuwa kwa hiari yangu ningesema pita, pita upesi, ulete jina nyumbani. Lakini nimemwona huyu akipita, wewe hujamwona. Nimeona uso wake ulivyokuwa jana, na ni uso wako.

Barua hii Ndeti ataileta kwa mkono, lori linaondoka kesho asubuhi. Mpe jibu arudi nalo, hata neno moja kwenye karatasi ya sigara.

Nisalimie Mutindi sana. Mwambie asikuamshe kwa kukuita jina, akushike tu mguu. Jonah anakusalimu, na wale wanambuzi amesema ni wako wote wawili, ufike tu. Kalunde binti yangu anamsalimu mjomba wake, na mzee Nzioka fundi viatu anasema miguu yako anaiombea. Mama hakutuma salamu. Anasema atakusalimu mwenyewe.

Haya, namaliza, taa ya hoteli sina mafuta ya kuichezea. Siku hiyo ukitoka kwenye kona ya upande wa Kibwezi utaliona soko lote limesimama, watoto na bendera zao, na hutasikia makofi. Usidhani tumekuchukia. Tumekubaliana hivyo wote, hata chifu. Tutakuwa tunatazama miguu yako. Mama atakuwa kwenye kigoda upande wa kushoto, na maji atakuwa ameshayatia mdomoni, kwa hiyo hataweza kukuita. Ukigusa chini, kelele zetu utazisikia hata ukifika Mutomo.

Lakini ukipita, Kivuva, hatutajua ni yupi kati yenu aliyepita.

Mungu wa baba yetu akulinde njiani, akuletee pumzi, na akupe moyo wa kushuka.

Ni mimi dada yako akupendaye, na atakayekuwa amekushikia baiskeli,
Mbinya.