Mfalme wa Wake Sita na Vigelegele Vyangu

Jumatatu, 3 Novemba
Nimetoka zamu. Miguu imevimba. Mzee wangu wa Temple Hills, ninayelipwa kumtunza huku Marekani, nimemwogesha, nimemlisha, nikamwambia tena habari za Wambui wangu: ataimba chuoni College Park, peke yake, mbele ya watu. Akasinzia. Shauri yake. Yeye mtoto kama huyo hajawahi kumpata.

Wimbo wenyewe wa mapenzi. Umetungwa na mfalme wa Uingereza wa zamani, anaapa moyo wake hautabadilika kamwe. Nikamuuliza Wambui, alioa wangapi? Sita. Wawili akaamuru wakatwe vichwa. Mshenzi! Baba Wambui naye aliniapia hivyo hivyo. Sasa yuko Texas na mwingine. Afadhali yeye hakuwa na panga.

Jumatano, 5 Novemba
Wambui amepiga simu. Nisipige vigelegele. Nisisimame. Nisimvishe shada la kumetameta, hata kama sisi Wakenya ndivyo tunavyopongezana. Nikithubutu, sitaalikwa tena. Mimi, niliyembeba mgongoni! Nimekubali. Lakini akina mama wa kanisa nilishawaalika. Mama Kevo hata ameshona nguo.

Jumamosi, 8 Novemba
Ukumbi kama matanga. Hapana, matanga yana uhai. Watu wamekaa wima kama wamemeza vijiti. Mwalimu wa kwaya yao anapunga mikono kama anafukuza nzi.

Halafu akatoka Wambui. Sauti hiyo! Yule mfalme hakuistahili. Akapanda, akapanda, akanyamaza. Ala nazo zikanyamaza. Nani angejizuia? Nikapiga kigelegele. Mama Kevo akadakia, safu yetu nzima ikasimama. Nikafika mpaka jukwaani, nikamvisha shada.

Kumbe wimbo haukuwa umeisha. Ulibaki ubeti mmoja.

Mwalimu ameganda, mikono juu. Wambui akauimba na shada shingoni, macho chini, sauti inatetemeka. Sikusikia hata neno. 

Kwenye gari Mama Kevo akasema, "Mama Wambui, leo umewaonyesha!" 

Jumatano, 12 Novemba
Wambui hashiki simu. Ujumbe anausoma, hajibu. Namchukia yule mwalimu. Namchukia mfalme zaidi. Wimbo gani huo, unakaa kimya katikati kumtega mama wa watu? Ningekuwa mke wake wa kwanza angenitambua.

Chapati zimeungua. Nimelia. Basi.

Jumapili, 16 Novemba
Wambui amekuja hapa Hyattsville kula. Hakutaja lolote. Akiosha vyombo akaanza ule wimbo, polepole. Alipofika pale pa kunyamaza, akanyamaza. Akageuka, akaniangalia.

Nikauma leso.

Akaendelea. Ubeti wa mwisho ndio mtamu kuliko zote. Mfalme bado ni mshenzi.

Desemba wanaimba tena. Amenipa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Nimekichukua.