Vikaango vya Mama

Sia, si nilikutambia jana kwamba wamama wa Ngulyati nitawamaliza kwa mdomo wangu? Mdomo gani! Futa yote.

Nimefika kwa Mama Hilaria na vikaango vya marehemu mama. Wateja wote wa mama wamejaa sebuleni, wanataka kuona kama nitaweza kuuza kama yeye au wahamie kwa mwingine.

Nikapiga magoti, nikasalimia kila mmoja kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Wakaitikia vizuri tu. Sasa simama uongee. Sia, sikusimama! Nisimameje juu ya vichwa vya watu niliolelewa kuwapigia magoti?

Mmoja akasema taratibu, "Mama yake angekuwa ameshatuchekesha."

Nikawaambia natoka kupokea simu. Na simu nimeiacha mezani. Mezani, Sia, mbele yao!

Nikajibanza stoo nyuma ya magunia ya pamba, nikalia kama siku ile tunamzika.

Mlango ukafunguka. Mama Hilaria, simu yangu mkononi.

"Unayoipokea ndiyo hii?"

Akakaa chini kando yangu.

"Mama yako naye, siku yake ya kwanza, nilimkuta hapo hapo."