Sauti ya Hooyo Kwenye Tamasha la Wahungaria

Mama Arbia, assalamu aleikum. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na majina yote ya humu nimeyabadilisha kwa sababu Garissa ni mji wa watu kujuana, mtu akisoma nusu ukurasa atajua ni nyumba gani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka thelathini na sita, naishi Bula Iftin na mama yangu mzazi ambaye hapa nitamwita Raho, na mume wangu anafanya kazi Mandera na simu si kitu cha kuambiana mambo kama haya, ndiyo maana nakuandikia wewe kwenye safu yako ya gazeti.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, amezeekea Habaswein, akaja kwangu baada ya baba kufariki, na kazi yake mpaka leo ni kusuka mikeka ya kufunikia aqal, ile nyumba yetu ya kuhama nayo, ingawa siku hizi hatuhami, anasuka tu kwa sababu mikono imezoea, na akisuka anaimba. Miezi minane iliyopita alikuja msanii mwanamke kutoka Hungaria, anaitwa Reka, akiletwa na Abdihafid, mtoto wa adeer Yarow, yaani mdogo wake marehemu baba. Abdihafid amesoma Nairobi na Kiingereza chake ni kizuri, akawa mkalimani. Huyo Reka alikaa na hooyo siku tatu, akajifunza kusuka, akarekodi nyimbo, na mimi muda mwingi nilikuwa jikoni na chai ya wageni, sauti naisikia lakini maneno siyafuatilii, maana ni nyimbo nilizolala nazo tangu utotoni.

Miezi ikapita, ikaja barua. Kuna tamasha la sanaa za Wahungaria wa leo, linafanyika Nairobi mwezi mzima, michoro, dansi, sinema, na Reka ana chumba chake humo, na ndani ya chumba kuna sauti ya hooyo, na wanamwalika siku ya kufunga, Jumamosi alasiri, aimbe mwenyewe mbele ya watu, na watawaalika Wasomali wa Eastleigh waje kumsikiliza. Adeer Yarow alifurahi kuliko sisi sote. Akashona kanzu mpya, akasema hooyo atampeleka yeye na watakaa viti vya mbele. Hooyo alisema sawa tu, akaendelea kusuka.

Aliyebadilika ni Abdihafid. Yeye aliyemleta Reka, yeye aliyekuwa akimsifu kila siku, ghafla akaanza kusema hawa wazungu ni wezi, wamechukua sauti ya hooyo wakaifanya mali yao, hatujui watamfanyia nini huko, asiende. Wallahi nilimwamini. Nikaanza kumshuku Reka kwa kila kitu nilichokumbuka, jinsi alivyogusa mikeka, jinsi alivyoandika kwenye daftari lake kila hooyo alipokohoa, hata jina lake, maana alituambia kwao jina la ukoo hutangulia na la mtu mwenyewe huja nyuma, nikawaza basi hata jina alilotupa huenda silo. Nikadanganya shuleni kwamba nina mgonjwa, nikapanda basi kwenda Nairobi kuwakamata.

Tamasha liko kwenye ghala la zamani lililopakwa rangi nyeupe. Niliingia nikiwa nimebana buibui kama mtu anayepita sokoni kati ya wachomoa mifuko. Kulikuwa na vijana wanaocheza huku wakipiga mapaja na viatu kwa viganja, lakini muziki wao ni wa kompyuta. Kulikuwa na sinema ya mto na mzee anayevuka, anarudi, anavuka, anarudi. Walikuwa wakigawa supu nyekundu ya nyama, wakasema ni ya ng'ombe na amechinjwa na Mwislamu, sikuinywa. Kila aliyenichekea nilimwona ananijua.

Kisha nikafika chumba cha Reka. Mikeka imening'inizwa toka darini, kati yake vitambaa vya kwao vilivyodariziwa maua, na upande mmoja ni sauti ya bibi yake akiimba Kihungaria, upande wa pili ni hooyo. Ukutani wameandika kwa Kiswahili na Kiingereza: Wimbo wa kumbembeleza mtoto, Garissa. Kulikuwa na mama mmoja wa Nairobi amekaa chini, macho kafunga, anatabasamu, anamtikisa mwanawe mapajani kwa sauti ile. Nikasogea. Nikasikiliza maneno.

Hapa lazima nikuambie kuhusu mdogo wangu Warsame. Mwaka 2011, ule wa ukame, alikuwa na miaka kumi na saba, akaenda na adeer Yarow kupeleka ngamia upande wa Isiolo kutafuta malisho. Adeer alirudi na ngamia wote, hata mmoja hakupungua, akasema Warsame aliumwa na nyoka akafa njiani akamzika. Hivyo ndivyo tulivyojua miaka yote.

Na huu ndio wimbo, nimeutafsiri mimi kwa Kiswahili. Walisema nyoka. Mimi nasema nyoka hakubaki porini, nyoka alirudi nyumbani akanywa chai yangu. Mitungi ilijaa Modogashe, mwanamke aliyeijaza ananijua. Ngamia walikunywa. Warsame wangu aliambiwa kaa kivulini, narudi. Kisha akamtaja. Si kwa mafumbo. Akasema Yarow, akataja na baba yake na babu yake.

Yule mama akanigeukia akaniambia, "Ni tamu, eh? Mtoto wangu amelala."

Reka akaniona, akaja mbio ananikumbatia, akauliza kwa Kiingereza, "Mama amepona?" Nikamwambia mama haumwi. Akashangaa, akasema Abdihafid alimwandikia kwamba hooyo amelazwa na hawezi kusafiri. Nikamuuliza nani alikuambia huu ni wimbo wa mtoto? Akasema Abdihafid. Nikamtazama usoni nione kama anadanganya na mpaka leo sijui, kwa sababu alitoa daftari upesi mno, kama mtu aliyejua ataulizwa.

Kabla sijafika stendi Abdihafid alishapiga simu. "Binti adeer, unafanya nini Nairobi?" Nani alimwambia? Nikamwambia nimesikia wimbo. Akasema, "Achana na hiyo kitu. Wamekata wakabandika. Siku hizi mashine inaweza kukufanya useme chochote." Nikamuuliza, kama ni mashine, mashine ilijuaje jina la babu yetu? Akakata.

Mama Arbia, nimerudi nyumbani siku ya tisa leo na nashuku kila mtu. Namshuku Abdihafid kwamba alijua akaficha. Namshuku Reka kwamba anajua na anapenda. Adeer akija kutusalimia natazama mikono yake. Na Mungu anisamehe, namshuku mama yangu, maana kama alijua miaka yote hii, alimkaribishaje, na kama hajui bali ni uchungu tu unasema, basi mtu asiye na kosa ametajwa mbele ya dunia. Jumamosi ijayo ndiyo siku ya kufunga. Adeer bado ana kanzu yake mpya. Nimwambie hooyo kwamba watu wamemsikia? Nimwendee adeer? Niwaambie wazime sauti ile? Ninyamaze?

Binti wa Habaswein, Garissa

*

Binti wa Habaswein, waaleikum salaam. Barua yako niliijibu kwa simu siku ileile kwa sababu Jumamosi haikusubiri gazeti, na sasa naichapisha kwa ruhusa yako pamoja na niliyokuambia.

Pole. Umempoteza mdogo wako mara mbili, na mara ya pili ukiwa umesimama katikati ya wageni wanaotabasamu. Hilo silipiti haraka.

Lakini nikuulize. Umedanganya shule, umepanda basi la mwendo wa saa sita kwenda kuwapeleleza Wahungaria, ukakataa supu yao, ukachunguza jina la mwanamke wa watu, na kwa siku tisa hujatembea hatua kumi kutoka jikoni mpaka kwenye mkeka ambako mwenye wimbo amekaa? Unaniuliza mimi alichokusudia mama yako! Mimi nitajuaje? Yeye yupo hapo, anasikia, ana akili zake.

Tuanze na Reka. Ana kosa, nalo si dogo. Alibeba maneno ya mtu akayatundika ukutani kwa kumwamini mkalimani mmoja, jamaa wa familia, bila kumuuliza Msomali wa pili hata mmoja, na Nairobi wamejaa. Huo ni uvivu, na uvivu wa msanii unaumiza watu. Lakini daftari kulitoa haraka si ushahidi wa chochote. Mwambie akupe sauti yote aliyorekodi, tangu mwanzo hadi mwisho, haijaguswa. Ukiisikia nzima, habari ya kukata na kubandika itakwisha. Na mwambie afunge chumba hicho leo, mpaka mwenye sauti aseme.

Abdihafid ameandika uongo ukutani na kumlaza hospitali mwanamke mzima. Usimtetee. Ila kumbuka alikuwa ameketi pale, mashine inawaka, mgeni anamtazama akisubiri tafsiri, naye anasikia baba yake mzazi akitajwa hivyo. Wewe ungesema nini kwa Kiingereza? Alikosea, na hofu yake naielewa. Kukujaza wewe chuki dhidi ya wageni ili usiende kusikiliza, hilo ndilo la kumuuliza macho kwa macho, baadaye.

Kwa Yarow usiende. Nasema usiende. Si deni lako kulidai. Wimbo wa mama aliyefiwa si hukumu, na pia si upuuzi. Kifo cha mtoto wa miaka kumi na saba kina wazee, kina kadhi, kina polisi, na mwenye haki ya kuchagua mlango ni mama yake. Na huyo mzee asiketishwe kiti cha mbele na kanzu mpya bila kujua anachoenda kusikia. Hata mtu unayemshuku hategewi mtego hadharani na familia yake, maana mkimnasa hivyo hamtapata ukweli, mtapata ugomvi wa koo mbili, wa mama yako na wa baba yako.

Kwa hiyo kesho asubuhi, simu zima, watoto wapeleke kwa jirani, kaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti. Usimweleze ya Nairobi kwanza. Usimuulize kama ni kweli. Muulize neno moja: hooyo, ulipoimba ule wimbo, ulitaka nani akusikie? Kisha funga mdomo, hata akikaa kimya mpaka adhuhuri. Atakalosema ndilo utakalofanya, si ninalosema mimi, si anachotaka Abdihafid. Nenda.

*

Mama Arbia, umeniruhusu niongeze haya kabla hujachapisha.

Nilikaa kwenye mkeka kama ulivyosema. Nilipomuuliza, hooyo hakuacha kusuka. Akasema, "Abdihafid."

Nikadhani sikusikia. Akasema, "Yule mwanamke mweupe alishika mashine tu. Mimi nilikuwa namwimbia yule kijana. Anajua Kisomali, ana baba, ana miguu. Nikasema atakwenda kumuuliza baba yake, kisha atarudi kwangu. Nimemngoja miezi minane." Nikamuuliza kwa nini hukuniambia mimi. Akasema, "Wewe ungelia. Nilitaka anayeweza kuuliza."

Kumbe mwanamke wa Modogashe aliyejaza mitungi alimjia hooyo mwaka wa tatu baada ya msiba, akamwambia maji yote walinyweshwa ngamia na kijana akaachwa kivulini. Hooyo hakuwa na shahidi wa pili, na baba alikuwa mgonjwa, na nduguye Yarow ndiye aliyekuwa akimwuguza. Akanyamaza.

Reka alituma rekodi yote. Haikukatwa popote. Mwishoni hooyo anasikika akisema kwa sauti ya kawaida, "Umenielewa, mwanangu?" na Abdihafid anajibu, "Nimekuelewa, hooyo." Kisha anamgeukia Reka na kumwambia kwa Kiingereza kwamba ni wimbo wa kulaza watoto.

Nilimpigia nikamchezea kipande hicho tu. Akaja jioni hiyohiyo. Hakukaa kwenye kiti. Akamwambia hooyo kwamba alimuuliza baba yake siku ileile Reka alipoondoka, wakiwa wawili garini, na adeer akaendesha mpaka Habaswein bila kujibu, halafu alipozima gari akasema, "Nilikusudia kurudi." Hakusema lingine. Mimi nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika, sikufanya lolote.

Hooyo alimtazama. Akasema, "Sasa nina shahidi wa pili."

Hakwenda Nairobi. Reka alifunga chumba siku nne, kisha akamuuliza hooyo kupitia kwangu, na kupitia mwalimu mwenzangu Msomali niliyemwomba ahakikishe tafsiri yangu, aandike nini ukutani. Hooyo akasema wimbo ubaki, jina la Yarow lisisikike, si kwa ajili yake bali kwa sababu halijasemwa bado mbele ya wanaostahili kulisikia, na ukutani waandike: Mama anamlilia mwanawe wa miaka kumi na saba. Reka aliniambia siku ya kufunga watu walisimama, hakuna aliyekaa chini na mtoto. Sijui kama ni kweli. Mimi bado ni mgumu wa kuamini.

Adeer ameitwa Habaswein, Ijumaa baada ya swala, mbele ya wazee wa pande zote mbili na kadhi. Ametuma mtu kusema atakuja. Abdihafid ndiye atakayetuendesha. Jana nilimuuliza hooyo kama ataimba ule wimbo mbele yao, akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Ijumaa anasema yeye."