Neno la Jikoni la Waingereza

Barnsley, Uingereza
4 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi imeshanijua jina. Mguu wako unaendeleaje?

Nina swali la kukuuliza wewe, mwalimu wa Kiingereza. Mzee ninayemhudumia, Arthur, mchimba makaa wa zamani, ninapomvalisha soksi huniita "thee". Mimi neno hilo nililijua kanisani tu. Msimamizi ameniuliza kama naona nimedharauliwa. Kuna dharau?

Tena, mkataba wangu unaisha Novemba. Wanataka nisaini miaka miwili mingine. Mjomba Bartholomeo anasema nisaini. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Magreth

Kihonda, Morogoro
20 Septemba 2024

Mwanangu Magreth,

Marahaba. Mguu unauma, mdomo mzima. Majirani ni mashahidi.

Dharau? Mwambie msimamizi wako asome historia ya kwao! "Thou" na "thee" ndiyo "wewe" waliyoitana mke na mume, mzazi na mwana. Bwana naye alimwita hivyo mtumishi, ndiyo maana mgeni akiitwa hivyo aliweza kukasirika. "You" ilikuwa ya watu wengi, kisha ikawa ya wakubwa. Wakaingiwa na woga wa kuudhiana, wote wakaitwa wakubwa. Taifa zima likahamia sebuleni na viatu! Neno la jikoni wakamwachia Mungu, na sisi tukadhani ni la utukufu. Wapi! Walimwita Mungu kama mtoto anavyomwita mama yake. Huyo mzee amekukaribisha jikoni.

Kuhusu mkataba, mjomba wako ameshasema.

Baba yako

Barnsley
18 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa.

Arthur amefariki Jumapili. Nilimtafsiria barua yako, akacheka mpaka akakohoa: "Baba yako angefaa chama chetu cha wafanyakazi." Sasa hapa hakuna anayeniita vile.

Umeniandikia ukurasa juu ya Waingereza na mstari mmoja juu yangu. Nilikuuliza wewe, Baba. Ya Mjomba nilikuwa nimeshayasikia.

Mwanao,
Magreth

Kihonda
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa mzee wako.

Barua hii nimeichana mara nyingi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mimi Mngoni ni mkwe tu. Tangu tumzike mama yako, niliamini kukuita ni kumpora mjomba wako haki yake. Jana nilikwenda kwake Mkuyuni, nikamkuta anaanika karafuu.

"Shemeji, naomba ruhusa nimwite Magreth arudi."

"Wewe unayetukana wakubwa magazetini, unaniogopa mimi?"

"Ni desturi, shemeji."

"Desturi inasema mtoto ni wa ukoo wetu. Imesema wapi usimkumbuke? Nilimwambia asaini nikidhani wewe humtaki! Mwite mwenyewe, bwana."

Basi nakuita. Rudi, Magreth. Nyumba imekuwa kubwa, siku hizi nabishana na redio. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitaanza kuhutubia.

Baba yako

Barnsley
2 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Barua imefika leo. Nimeisoma mlangoni, koti sijavua.

Nilisaini Alhamisi. Miaka miwili.

Usiache kuniita. Kila barua anza na hilo, ndipo uwagombeze Waingereza.

Mwanao,
Magreth