Anwani Niliyochonga Kaburini

Ndugu yangu, nimeumbuka.

Ile anwani ya mtandao niliyochongesha kwenye kaburi la shemeji yako, watu wasome maisha yake, leo nimeifungua mbele ya wageni. Yakatokea matairi. Matairi ya kuuza!

Nikampigia mkwe wangu, aliyeuweka ukurasa huo kwenye tovuti ya kampuni yake. Eti kampuni amefunga, na jina lake la mtandaoni ameliuza.

"Lakini anwani inaanza na jina la mke wangu!"

"Baba, mwenye nyumba ni jina la kampuni, lile la baada ya nukta ya kwanza. Mama alikuwa na chumba tu ndani yake. Nyumba ikiuzwa, na chumba kimekwenda."

Chumba tu! Nami nilimtambia kila mtu kuwa ana anwani yake mwenyewe.

Nikamuuliza mchonga mawe kama herufi zinafutika.

"Mzee, si ulisisitiza nizichimbe sana, zidumu milele?"