Wanamwita Donat

Bel-Air, Kampemba
Lubumbashi, tarehe 19 Mei 2024

Mpendwa Yaya Floribert, kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Espérance. Mgongo wako unaendeleaje? Na huko Liège, bado mnavaa makoti hata mwezi wa tano? Huku mvua imekatika na vumbi jekundu limeanza kuingia hadi kwenye sahani. Mimi sijambo. Mama ni mzima wa mwili. Mengine yake ndiyo yaliyonifanya nichukue karatasi. Kwenye simu ningelia, nawe ungekata ukidhani ni mtandao.

Unanijua mimi na musiki. Miaka yote nimeula bila kulipa: nampelekea fundi wa simu sokoni kadi ya memori, ananijazia nyimbo mia mbili, mwimbaji hapati hata asante. Mwaka jana mteja wangu wa kushona, Agnès, akanipeleka kusikiliza bendi ya Ruphin. Hawana prodyuza wala tajiri nyuma yao. Wanafanya mazoezi nyuma ya karakana ya mchomeleaji, na ngoma yao kubwa imezibwa kwa mpira wa tairi. Nilisimama pale na futi ya kupimia shingoni mpaka walipomaliza, nikasahau kwamba kuna mtu anangoja gauni lake la harusi.

Nyimbo zao hazipatikani kwa fundi. Unawatumia ulicho nacho kwa simu kila mwezi, nao wanakutumia wimbo kabla ya wengine. Nikalipa. Yaya, wimbo uliolipia unausikiliza tofauti. Nilikuwa napiga pasi huku nikijivuna, utadhani mimi ndiye niliyeutunga.

Sasa nikuambie kosa langu. Nililipa kwa namba ya marehemu ndugu yetu Donat. Unakumbuka aliacha kadi moja ya simu nyumbani alipokwenda kuchimba upande wa Kolwezi. Akaunti ya pesa iko kwa jina lake, na namba ya siri nilikuwa naijua kwa sababu alizoea kunituma kutoa pesa. Shimo lilipomwangukia, wakashindwa kumtoa, ilifaa niifunge. Sikuweza. Kila mwezi nikilipa, ujumbe ulirudi ukisema Donat Mwamba amelipa, nami niliusoma mara mbili. Nilikuwa nafurahi. Usinicheke.

Nawe unajua desturi ya wanamusiki wetu, kuwaita wakubwa kwa majina ndani ya wimbo, na wakubwa wenyewe ndio wanaolipia kuitwa. Ruphin na wenzake wakaamua wao watawaita watu wadogo wanaowasaidia, bure, na bila kuwaambia, iwe zawadi. Wakayachukua majina kama yalivyokuja kwenye ujumbe wa malipo, na mtaa kama kila mtu alivyouandika alipoanza kulipa. Mwezi wa tatu wimbo mpya ukatoka. Katikati gitaa zinashuka, Ruphin anaanza kuita, na jina la tatu ni hili: “Donat Mwamba, ndugu yetu wa Bel-Air, uko pamoja na siye!”

Wimbo ukapendwa vibaya sana. Unapigwa saluni, unapigwa kwa wauza mikate, unatoka kwenye simu ya mtu anayepita njiani. Mimi mwenyewe ninayejua yote, nikiusikia nageuka nyuma.

Mama aliusikia sokoni alipokwenda kununua samaki wakavu. Akarudi bila samaki. “Banamuita Donat,” akaniambia, uso wote unang’aa. “Iko nalipa musiki. Muntu mwenye kulipa, iko muzima.” Ukweli nilikuwa nao mdomoni, nikaumeza. Naona haya mpaka leo.

Unakumbuka alivyokataa tufanye kilio kwa kuwa hatukupata mwili. Mwezi wa kumi na moja tu ndipo alipokubali jina la Donat lisomwe misani pamoja na marehemu. Sasa akaenda ofisi ya parokia, akalitoa, akaliandikisha kati ya wasafiri. Jumapili tatu padri ameomba Donat arudi salama, na watu wanageuza shingo kututazama. Mama akaanika godoro la Donat juani. Nyumba ikajaa Donat, Yaya. Mchana kweupe nilikuwa nasikia kandambili uani, natoka, hakuna mtu. Niliogopa sana, lakini kilichonitisha zaidi ni kumwona mama naye amekwisha kufika mlangoni kabla yangu.

Nikaenda kwa Ruphin. Alikaa chini juu ya spika, machozi yanamtoka. “Message ilionyesha Donat, miye nikaita Donat. Ningejua namna gani?” Akasema atalitoa jina. Lakini wimbo umekwisha kuingia kwenye simu za watu wangapi? Nani ataukusanya?

Jumapili iliyopita, tulipotoka misani, niliweka simu mezani mbele ya mama, nikalipa huku anatazama. Ujumbe ukaingia na jina la Donat. Aliusoma polepole.

“Njo weye mwenye kulipa?”

“Njo miye, mama.”

Hakunipiga wala hakunifokea. Aliingia chumbani kwa Donat, akakunja godoro, akalifunga kamba. Siku nne zikapita. Nilimpakulia chakula, akala, akaosha sahani yake mwenyewe.

Alhamisi akaniita. Kilio kitakuwa Jumamosi tarehe 8 Juni, hapa uani kwetu, na anataka bendi ya Ruphin ije. Nikamwuliza kama wauache wimbo ule. Akatikisa kichwa. “Baje baimbe. Lakini ile jina basiite bo. Nitaita miye.”

Tafuta njia uje, Yaya. Nauli ikishindikana, uwe kwenye simu saa hiyo, sisi wote tukusikie unapumua.

Nisalimie Plamedie, mwambie shangazi yake anamshonea sketi, anitumie vipimo. Yaya Sylvain wa Charleroi mpe habari hizi wewe mwenyewe, mimi sitaweza kuziandika mara ya pili. Mungu awafunike na awaepushe na mashimo yote ya dunia hii.

Mama atamwita Donat mbele ya watu, Yaya, na hataitika. Usiniache nisimame peke yangu kando yake.

Mdogo wako akupendaye,
Gaëlle