Nawakosa Wanyama Makusudi

Kwako Bibi Siwema, shikamoo. Nakuomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu, na tafadhali ukilichapa ufiche jina langu, maana gazeti lako likifika huku Sikonge mwalimu hulisoma kwa sauti na watu wote husikia.

Mimi ni mwindaji tangu ujana, kabla ya vita nilimbebea bunduki Mzungu mmoja aliyekuwa akipima njia, tukazunguka porini na lori lake, na naona haya kukuambia tuliyoyafanya, kwa sababu hatukuwa tukitafuta kitoweo. Unawajua kongoni, kundi linapokula majani mmoja wao hupanda juu ya kichuguu akaangalia huku na huku, basi yule alikuwa akionekana vizuri kama chupa iliyowekwa ukutani, Bwana akimwangusha tunacheka, kisha ananipa bunduki na mimi nijaribu, nikimpata ananipigia makofi, nyama tunawaachia fisi, twende kundi jingine. Wakati ule nilijiona dume kwelikweli, hata msichana niliyemtaka nilimsimulia hayo yote, naye ndiye mke wangu Minza.

Sasa nina watoto wakubwa na gobori la marehemu baba, kila kiangazi naingia porini na wenzangu, kiongozi wetu ni mzee Masolwa, na huko ndiko nilikobadilika bila kujua nimebadilika lini. Siku moja nililala kifudifudi nikimlenga kongoni wa kichuguuni, nikajiuliza, huyu kachaguliwa na nani? Akashuka, akapanda mwingine, nikasahau kufyatua. Je, wanapeana zamu? Mbona anayepanda ndiye anayechelewa kula, na ndiye sisi tuliyekuwa tukimuua kwanza? Tangu hapo nikilenga moyo unakataa, nawakumbuka wale tuliowaacha wakioza juani, najuta, basi nainua mtutu kidogo, risasi inapita juu, mnyama anakimbia, nami nafurahi mpaka naona aibu ya kufurahi.

Ninachotaka kujua, Bibi, je, huu ni ugonjwa, au uzee, au Mungu ananisemesha? Wako wengine kama mimi? Na nikila nyama aliyoiua Masolwa, mimi ni mnafiki? Wenzangu siwezi kuwaambia, watanicheka mpaka nife.

Kidogo pia kuna maneno nyumbani, maana kwetu mwindaji akiwa porini mkewe anatakiwa atulie, asigombane na mtu wala asitoke nje ya ndoa, na mume akikosa shabaha mara kwa mara husemwa kwamba mke si mwaminifu, kwa hiyo Masolwa ameniambia, "Ndugu yangu, kosa si la mkono wako, kaangalie nyumbani kwako," na mama yangu amemwambia Minza afungashe vitu vyake, Jumapili baada ya ibada arudi kwao Igunga. Yeye analia na kuapa, mimi nimenyamaza, lakini hilo naona litapoa lenyewe. Linalonisumbua zaidi ni hili la kongoni.

Wako,
Mwindaji wa Sikonge


JIBU

Marahaba, Mwindaji. Jina lako nimelificha, na majina ya wengine nimeyabadili. La mkeo hapo kijijini, nani amelificha? Nimeziweka kando barua za watu wengine ili jibu hili likufikie kabla ya Jumapili.

Nianze na ulichouliza, maana ni swali zuri na limenikaa kichwani tangu jana. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani akipitia hapa Tabora, na sisi wajukuu tuliimba sifa za wawindaji waliowaangusha ndovu hao. Simkumbuki mtu hata mmoja aliyeuliza ndovu yule alikuwa anakwenda wapi siku aliyouawa. Hata mimi sikuuliza. Wewe umeuliza, na kwa hilo huumwi wala hujazeeka. Kuua kwa ajili ya sufuria ni kazi, kwa hiyo kula nyama ya Masolwa na umshukuru. Kuua ili upigiwe makofi ndiko moyo wako ulikokataa, na umefanya vizuri ingawa umechelewa. Hayo ya zamu siyajui. Endelea kuwaangalia, ukigundua unieleze, nami nina hamu ya kujua.

Sasa tuje kwenye hilo unaloliita kidogo. Wewe bwana! Umejaza karatasi kumlilia kongoni, na mkeo umemwekea mistari michache pale chini, tena kwa kusitasita. Mama wa watoto wako anaitwa mzinzi mbele ya kanisa zima kwa risasi ulizozipoteza wewe makusudi, nawe umekaa unamtazama akikunja kanga zake. Eti litapoa lenyewe! Unaogopa kuchekwa, na yeye anaogopa kufukuzwa nyumbani kwake. Nilipofika hapo nilikasirika nikaiweka barua chini. Yule kijana aliyeua kwa kupenda makofi na wewe unayenyamaza kwa kuogopa kicheko ni mtu yule yule. Bado unaishi kwa kutazama watu watasemaje.

Fanya hivi. Usingoje mwalimu afike kwenye ukurasa huu. Mwite Minza mkae wawili, umweleze jinsi unavyouinua mtutu, umwombe radhi, na akikutukana usijibu. Kisha wakusanye mama yako, Masolwa na wawindaji wenzako, mkeo akiwepo, useme kwa kinywa chako: "Sikukosa shabaha. Nilikataa kuua. Minza hana kosa." Watacheka, tena watacheka sana. Vumilia, zamu yako imefika. Hilo gobori ukitaka kulinda nalo shamba au kulitundika, utaamua baadaye, halina haraka.

Na kama ameshaondoka, usimtume mama wala mshenga. Panda lori la Igunga wewe mwenyewe, umwamkie baba yake, useme yote kabla hujaletewa maji ya kunywa, na useme kwa sauti ili majirani wasikie. Akikubali kurudi, mshukuru. Akikataa, usiniandikie kulalamika. Mpe yeye anwani yangu, na barua yake nitaijibu kabla ya yako.

Bibi Siwema
Tabora